Saratani za Kichwa na Shingo na Picha za Sumaku: Historia ya Kutabiri Matokeo ya Tiba

Katika maradhi yampatayo binadamu, ni machache yanayoigusa lugha yenyewe kama saratani za kichwa na shingo. Ulimi, midomo, kaakaa, koo na zoloto ni viungo vya kula na kupumua. Lakini ndivyo pia viungo vya kusema, wala mwanachuoni wa lugha hawezi kueleza matamshi bila kuvitaja. Uvimbe unapoota katika mojawapo ya viungo hivi, daktari huwa na mambo mawili ya kuokoa, yaani uhai wa mgonjwa na usemi wake, na kwa muda mrefu mambo hayo mawili hayakupatana. Kisu kilichookoa uhai ndicho kilichoondoa sauti.

Tangu ilipojulikana kwamba mionzi na dawa zaweza kuuyeyusha uvimbe pasipo kukata, swali kubwa limekuwa hili: je, uvimbe huu utaiitikia tiba, au utaikaidi? Mgonjwa ambaye uvimbe wake unaitikia aweza kubaki na zoloto lake. Yule ambaye uvimbe wake unakaidi hupitisha wiki saba katika mateso ya mionzi, na mwishowe hurudi kwenye kisu akiwa dhaifu kuliko alivyokuwa mwanzo. Makala haya yaeleza jinsi jibu la swali hilo lilivyotafutwa, tangu siku ambazo halikupatikana ila baada ya kifo, mpaka siku hizi ambapo wataalamu hujaribu kulisoma katika wiki ya kwanza ya tiba, kwa msaada wa mashine ya sumaku iitwayo MRI. Kwa ufupi, ni historia ya kupunguza muda wa kungoja. Na pia ni historia ya kuacha kuutazama ukubwa wa uvimbe peke yake na kuanza kuyatazama maji yaliyomo ndani yake.

JINA NA MARADHI

Jina la maradhi haya limesafiri mbali. Wayunani wa kale, katika zama za Hipokrate, waliyaita karkinos, maana yake kaa, mnyama wa pwani. Warumi wakasema cancer, na maana ni hiyo hiyo. Waarabu nao wakasema saratani, ambalo ni jina la kaa na pia ni jina la mojawapo ya buruji kumi na mbili. Kiswahili kimelipokea neno hili katika maana mbili: katika elimu ya falaki ni buruji, na katika tiba ni maradhi. Galeni, tabibu wa Kiyunani, alieleza kwamba sababu ya kufananisha ni mishipa iliyotuna kandokando ya uvimbe, ambayo ilionekana kama miguu ya kaa.

Saratani za kichwa na shingo, zaidi ya tisa katika kila kumi, huanzia katika seli bapa zilizoufunika utando wa mdomo, koo na zoloto. Sababu zake zilizo mashuhuri ni tumbaku na pombe. Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki yafaa kukumbuka tambuu pia, kwa maana Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, katika kitabu chake cha mwaka wa 2004, lilitamka kwamba popoo peke yake, hata bila ya tumbaku, ni kitu kiletacho saratani. Sababu nyingine iliyogunduliwa baadaye ni kirusi cha papiloma, ambacho huleta saratani ya nyuma ya ulimi na ya tonsili. Na jambo hili, kama itakavyoonekana, lilikuja kubadili kabisa hesabu za kutabiri.

ZAMA ZA KISU

Mwishoni mwa mwaka wa 1873, katika mji wa Vienna, mpasuaji Theodor Billroth aliliondoa zoloto lote la mgonjwa mwenye saratani, na hiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza kwa kazi hiyo kufanywa kwa ajili ya maradhi haya. Msaidizi wake, Carl Gussenbauer, alimtengenezea mgonjwa huyo zoloto la bandia ili apate kusema. Mgonjwa alisema, lakini baada ya miezi michache maradhi yalirudi akafa. Katika habari hiyo moja mambo yote ya historia hii yamo tayari: uhai, sauti, na kutojua mapema kama tiba itafaa.

Miaka kumi na minne baadaye swali hilo hilo liliingia katika nyumba ya kifalme. Mwezi wa Mei mwaka wa 1887 madaktari wa Kijerumani waliona uvimbe katika zoloto la Mwana wa Mfalme Friedrich, wakataka kumpasua. Daktari Morell Mackenzie, aliyeitwa kutoka London, alishauri kwanza kikatwe kipande kidogo kichunguzwe. Rudolf Virchow, bingwa mkubwa wa elimu ya seli, alikitazama kipande hicho kwa darubini asione saratani ndani yake, na upasuaji ukaahirishwa. Mwezi wa Februari 1888 ilibidi kumtoboa koo ili apate kupumua. Alirithi kiti cha ufalme mwezi wa Machi akiwa hana sauti, akawa anaandika maneno yake juu ya vikaratasi, na tarehe 15 Juni alikufa baada ya kutawala siku 99. Katika siku hizo chache, tarehe 28 Aprili 1888, ndipo Sultani Khalifa wa Unguja alipotia sahihi mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani usimamizi wa mrima. Basi mfalme wa Wajerumani wakati mkataba ule ulipotiwa sahihi alikuwa mtu asiyeweza kutamka neno.

Wanahistoria wa tiba wamebishana sana juu ya Mackenzie na Virchow. Walakini funzo lenyewe ni dhahiri: kipande kidogo cha nyama hakiwezi kila mara kueleza habari za uvimbe mzima, wala darubini huonyesha seli zilivyo leo, haionyeshi zitakavyofanya kesho.

MIONZI, NA KAZI YA GRAY

Tarehe 8 Novemba 1895 Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei, na mwaka wa 1898 Marie na Pierre Curie waligundua rediamu. Punde madaktari wakaanza kuitumia mionzi hiyo juu ya uvimbe, lakini mara nyingi waliunguza ngozi na nyama njema pamoja na saratani. Aliyefungua njia alikuwa Henri Coutard wa Paris, ambaye aligawanya dozi ya mionzi katika mafungu madogo madogo, akaitoa siku baada ya siku kwa muda wa wiki kadhaa. Mwaka wa 1922 yeye na mwenzake Hautant walionyesha wagonjwa wa saratani ya zoloto waliopona kwa njia hiyo bila ya kukatwa. Desturi ya siku hizi ya kutoa mafungu 35 katika muda wa wiki saba ni mtoto wa kazi ya Coutard.

Hata hivyo si kila uvimbe uliyeyuka. Sababu moja kubwa ilielezwa Uingereza na Louis Harold Gray, mtaalamu wa fizikia, ambaye jina lake lilifanywa kipimo cha mionzi mwaka wa 1975. Mwaka wa 1953 yeye na wenziwe walionyesha kwamba seli iliyopungukiwa na oksijeni yahitaji kiasi cha mara tatu ya mionzi ili ife. Mwaka wa 1955, pamoja na Thomlinson, alipima kwa darubini vipande vya saratani ya mapafu, akaona kwamba seli zilizo karibu na mshipa wa damu huishi, na zilizo mbali hufa. Na umbali wa kutoka uhai hata mauti haukufika hata sehemu ya tano ya milimita moja. Baina ya hizo hai na hizo maiti pana utando wa seli zenye njaa ya hewa, ambazo hazijafa wala haziuawi kwa urahisi.

Ugunduzi huu ndio msingi wa yote yaliyofuata. Ulieleza kwamba uvimbe mbili zilizolingana kwa ukubwa zaweza kutofautiana kabisa kwa tabia, kwa kuwa moja imejaa seli hai zilizoshibishwa damu, na nyingine ina mashimo ya seli zilizokufa na kingo za seli zenye njaa. Ya kwanza huonekana kali, lakini huitikia mionzi. Ya pili huonekana imenyauka, lakini hukaidi. Kwa hiyo aliyetaka kutabiri alipaswa kutazama ndani. Lakini katika siku za Gray hapakuwa na njia ya kutazama ndani ya uvimbe wa mtu aliye hai ila kwa kukata.

KUPIMA KWA UKUBWA

Kwa kukosa njia hiyo, madaktari walipima walichoweza kukiona, nacho ni ukubwa. Mfano ulio mashuhuri wa tiba iliyoonekana wazi kwa macho ulitokea Afrika Mashariki. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza habari za uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Kiafrika. Uvimbe huo si wa jamii ya seli bapa zinazozungumzwa hapa, bali ni wa seli za limfu; lakini ulikuwa katika uso, na mabadiliko yake hayakuhitaji chombo. Katika miaka ya 1960 Burkitt huko Kampala, na Peter Clifford huko Nairobi, walitoa dawa za kuua seli, na nyuso za baadhi ya watoto zilirudi hali yake katika siku chache. Picha zao za kabla na baada ya tiba zilienea duniani, zikawa ushahidi kwamba jibu la uvimbe laweza kujulikana upesi, na kwamba anayeitikia upesi ana tumaini.

Fikra hiyo ilipelekwa kwenye zoloto na madaktari wa hospitali za askari wa zamani wa Marekani. Katika jaribio lao, lililotangazwa mwaka wa 1991, wagonjwa 332 wenye saratani ya zoloto iliyoendelea sana waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walikatwa kisha wakapewa mionzi. Fungu la pili walipewa kwanza dawa mara mbili, kisha wakatazamwa: ambaye uvimbe wake ulipungua aliendelea na dawa na mionzi, na ambaye uvimbe wake haukupungua alikatwa. Baada ya miaka miwili hesabu ya waliokuwa hai ilikuwa sawa katika mafungu yote mawili, asilimia 68. Lakini katika fungu la pili asilimia 64 walikuwa wamebaki na viungo vyao vya sauti. Hiyo ni mara ya kwanza kwa jibu la mapema la uvimbe kutumika, katika jaribio kubwa, kuamua nani atabaki na sauti yake.

Kwa ajili ya majaribio kama hayo ilibidi ziwepo kanuni za kupima. Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni zake mwaka wa 1979, na kanuni nyingine zilizorahisishwa zilitoka mwaka wa 2000. Kwa kanuni hizo za pili, uvimbe ukipungua upana kwa asilimia 30 husemwa kwamba umeitikia kwa sehemu, na ukiongezeka kwa asilimia 20 husemwa kwamba umekaidi. Kanuni hizi zina faida, lakini kasoro yake ni kwamba ukubwa huchelewa kubadilika. Seli hufa kwanza. Uvimbe hupungua baadaye, pengine baada ya wiki nyingi, na wakati huo mgonjwa amekwisha kula sehemu kubwa ya mionzi. Tena uvimbe mfu waweza kubaki mkubwa, na uvimbe mdogo waweza kuwa hai.

SUMAKU

Njia ya kutazama ndani ilitoka mahali ambapo madaktari hawakuitafuta. Mwaka wa 1938 Isidor Rabi wa New York alipima jinsi viini vya atomu vinavyoitikia sumaku na mawimbi ya redio. Na mwaka wa 1946 Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja mahali pake, walilifanya jambo hilo katika vitu vya kawaida kama maji na nta ya parafini. Kiini cha haidrojeni hufanya kama sumaku ndogo sana. Kikiwekwa ndani ya uga wa sumaku kubwa, kisha kikapigwa kwa wimbi la redio linalokifaa, huyumba. Na wimbi likikoma, kiini hurudi katika hali yake huku kikitoa sauti ya redio iliyo dhaifu. Kwa kuwa mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yana haidrojeni, mwili wote waweza kusikilizwa.

Mwaka wa 1971 Raymond Damadian wa Brooklyn alitangaza kwamba katika vipande vya uvimbe wa panya viini hivyo hukawia zaidi kurudi katika hali yake kuliko katika nyama nzima. Ilidhihirika baadaye kwamba tofauti hiyo haikutosha peke yake kutenga saratani na isiyo saratani. Lakini habari hiyo iliamsha wengine. Paul Lauterbur, aliyeyaona majaribio ya namna hiyo yakirudiwa, alitambua mwezi wa Septemba mwaka huo huo kwamba sumaku ikifanywa kuwa na nguvu zaidi upande mmoja na pungufu upande wa pili, kila mahali patatoa sauti yake yenyewe, na kwa sauti hizo picha yaweza kuchorwa. Jarida la Nature liliikataa kwanza makala yake, kisha likaitoa mwaka wa 1973. Picha yenyewe ilikuwa ya vijibomba viwili vya maji. Peter Mansfield wa Nottingham alitafuta njia za hesabu za kuharakisha kazi, na mwaka wa 1977 yeye na mwenzake walitoa picha ya ndani ya kidole cha mtu aliye hai. Mwaka huo huo, tarehe 3 Julai, Damadian na wasaidizi wake walipata picha ya kifua cha mtu baada ya kukaa karibu saa tano. Tarehe 28 Agosti 1980, huko Aberdeen, watu wa John Mallard walimpiga mgonjwa wa saratani picha zilizokuwa na manufaa kwa tiba. Nishani ya Nobel ya mwaka wa 2003 walipewa Lauterbur na Mansfield. Damadian aliachwa, akalalamika hadharani katika magazeti.

Hapa pana jambo dogo la lugha. Elimu hii hapo kwanza ilikuwa na neno la kiini cha atomu katika jina lake. Katika miaka ya 1980 neno hilo liliondolewa katika hospitali, kwa sababu wagonjwa walipolisikia walifikiri bomu na mionzi, na hali sumaku hii haitoi mionzi ya namna hiyo hata kidogo.

MAJI YANAYOTEMBEA

Picha za kwanza za sumaku zilikuwa nzuri kwa umbo, zikaonyesha mpaka wa uvimbe katika ulimi au koo vizuri kuliko eksirei. Lakini zilipima ukubwa tu. Hatua kubwa ilikuja pale sumaku ilipofundishwa kupima mwendo wa maji.

Chembe za maji hazitulii. Katika muda wa sehemu 50 za elfu ya sekunde, chembe ya maji yaliyo huru katika joto la mwili husogea kiasi cha sehemu 17 za elfu ya milimita, nao ni umbali ulio mkubwa kidogo kuliko seli nyingi. Kwa hiyo, katika muda huo mfupi, chembe iliyomo katika nyama hugonga kuta za seli nyingi. Pale ambapo seli zimesongamana, chembe haifiki mbali, kama mtu apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Pale ambapo seli zimekufa na kuta zimebomoka, hutembea kama mtu aliyefika ufukweni. Stejskal na Tanner walieleza mwaka wa 1965 namna ya kupima mwendo huo kwa sumaku. Denis Le Bihan wa Ufaransa, katika miaka ya 1985 na 1986, aliugeuza upimaji huo kuwa picha. Na nia yake ya mwanzo ilikuwa kutenganisha uvimbe wa saratani wa ini na uvimbe mwingine usio na madhara. Kazi hiyo ilipata sifa kwanza katika maradhi ya ubongo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha katika wanyama kwamba tiba ikifanya kazi, mwendo wa maji ndani ya uvimbe huongezeka kabla uvimbe haujapungua.

Mwaka wa 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza matokeo ya kuwapima wagonjwa 40 wa saratani za kichwa na shingo kabla ya dawa na mionzi, katikati yake, na baada yake. Kabla ya tiba, waliokuja kupona kabisa walikuwa na mwendo mdogo wa maji, wastani wa sehemu 1.04 za elfu ya milimita ya mraba kwa sekunde. Ambao uvimbe wao ulipungua tu bila ya kwisha walikuwa na wastani wa 1.24. Jambo hili ladhihirisha hekima ya Gray: uvimbe uliosongamana seli hai huitikia, na uvimbe wenye mashimo ya mauti hukaidi. La ajabu zaidi lilionekana katika wiki ya kwanza. Kwa waliokuja kupona, mwendo wa maji uliongezeka upesi, ukabaki juu mpaka mwisho. Kwa kutazama badiliko hilo la wiki moja, kipimo kilikuwa sahihi kwa asilimia 86 upande mmoja na asilimia 83 upande wa pili. Mwaka wa 2010 wataalamu wa Leuven, Ubelgiji, waliowapima wagonjwa 30 katika wiki ya pili na ya nne, waliona jambo lililoelekea huko huko: ambapo mwendo wa maji haukuongezeka sana, ndipo maradhi yaliporudi.

Kuna njia ya pili, nayo ni kutia katika damu dawa yenye madini ya gadolini, ambayo ilianza kutumika hospitalini kwa ruhusa katika mwaka wa 1988, kisha kupiga picha mfululizo na kuona jinsi inavyoingia katika uvimbe na kutoka. Paul Tofts na wenziwe walitoa hesabu za kupima jambo hilo, na mwaka wa 1999 istilahi zake zilisawazishwa. Uvimbe unaopokea dawa hiyo upesi una damu tele, na penye damu pana oksijeni. Hapa pia nyayo za Gray zaonekana.

MASHAKA

Hapana budi kuuliza: ikiwa mambo ni hayo, mbona hospitali hazijaacha kutoa wiki saba za mionzi kwa wote sawasawa, na kuacha sumaku iamue?

Sababu ya kwanza ni ya kazi yenyewe. Shingo si ubongo uliotulia ndani ya fuvu. Mgonjwa humeza mate, hukohoa, hupumua. Hewa iliyomo puani na kooni huupotosha uga wa sumaku. Na meno yaliyozibwa kwa madini huharibu picha. Mashine mbili za watengenezaji mbalimbali zaweza kutoa tarakimu mbili kwa uvimbe mmoja, na mpimaji mmoja aweza kuchora mpaka pasipochora mwenzake. Sababu ya pili ni uchache wa wagonjwa. Utafiti mwingi ulikuwa wa watu makumi machache, na kila kundi la wataalamu lilichagua tarakimu yake ya kutenga waitikiao na wakaidio. Sababu ya tatu ni kirusi cha papiloma. Mwaka wa 2010 Ang na wenziwe walionyesha kwamba katika wagonjwa wa saratani ya nyuma ya mdomo, wenye kirusi hicho walikuwa hai baada ya miaka mitatu kwa asilimia 82.4, na wasio nacho kwa asilimia 57.1. Kwa hiyo mtabiri wa sumaku hana budi kuuliza kila mara kama alichokiona ni tabia ya uvimbe huu, au ni alama tu ya kirusi.

Sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Kwa kuwa wagonjwa wenye kirusi hupona kwa wingi, wataalamu walidhani wengi wao wangeweza kupewa dawa nyepesi badala ya ile iliyozoeleka. Matokeo ya majaribio mawili makubwa yaliyotangazwa mwishoni mwa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba waliopewa dawa nyepesi walikufa zaidi. Utabiri wa kwamba watapona ulikuwa kweli; kosa lilikuwa kufikiri kwamba watapona hata wakipunguziwa tiba. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba kujua nani ataitikia tiba fulani si sawa na kujua nani aweza kuachwa bila ya tiba hiyo, na jambo hilo la pili halijulikani ila kwa jaribio.

Kwa upande wa pili, upo mfano unaotia moyo, ingawa si wa sumaku. Zamani wagonjwa wengi walipasuliwa shingo baada ya mionzi, kwa hofu tu. Jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka wa 2016 liliwagawanya wagonjwa 564: nusu walipasuliwa, na nusu walipigwa picha za PET pamoja na CT, kiasi cha wiki kumi na mbili baada ya tiba, wakapasuliwa wale tu walioonekana na mabaki ya saratani. Upasuaji ulifanyika mara 221 katika kundi la kwanza, na mara 54 katika kundi la pili. Na walioishi miaka miwili walikuwa asilimia 81.5 na 84.9. Picha iliaminiwa, kwa kuwa ilikwisha kutahiniwa kwa namna hii.

Sumaku nayo imo njiani kuelekea mtihani huo. Mwaka wa 2014 huko St. Louis, Marekani, wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa mashine iliyounganisha mionzi na MRI, na mwaka wa 2017 huko Utrecht, Uholanzi, ilianza kutumika nyingine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5, kiasi cha mara elfu thelathini ya sumaku ya ardhi. Kwa mashine hizi mgonjwa aweza kupimwa mwendo wa maji kila siku akiwa amelala mahali pale pale pa tiba, na dozi ikaongezwa katika sehemu inayokaidi.

NENO LA KUTABIRI

Kiswahili kina neno kutabiri, lililotoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kufasiri ndoto. Na maana hiyo Kiswahili kimeihifadhi, kwani husemwa pia kutabiri ndoto. Neno hili lafaa kwa kazi iliyoelezwa hapa, maana daktari naye hapewi habari ya kesho bali hupewa alama, naye huifasiri. Tofauti iliyopo baina yake na mpiga ramli ni kwamba daktari hulazimika kutaja kiasi cha kosa lake. Asemapo asilimia 86, amekiri asilimia 14.

Katika Afrika Mashariki mashine za MRI bado ni chache kulinganisha na wingi wa watu, na wagonjwa wengi wa kichwa na shingo hufika hospitali maradhi yakiwa yameendelea. Zipo juhudi za kutengeneza mashine za sumaku dhaifu na za bei nafuu. Mmojawapo wa mifano yake uliunganishwa kwa mikono katika Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, mwaka wa 2022, kwa ajili ya watoto wenye maji kichwani. Mashine ya namna hiyo haijafikia kazi ya kupima mwendo wa maji katika zoloto. Lakini swali lililoulizwa Vienna mwaka wa 1873 laulizwa pia Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, tena kwa uzito zaidi. Maana mahali ambapo mionzi ni ya kugombaniwa, kujua katika wiki ya kwanza kwamba tiba haifai ni kumwokoa mgonjwa mmoja na mateso ya bure, na kumfungulia mwingine nafasi.